Madeni ya simu ambayo si yako: usilipe ili yaishe

SWALI: Mwaka jana nilipoteza kitambulisho Gikomba. Niliripoti polisi, nikapewa abstrakti (karatasi ya polisi inayothibitisha umeripoti), na baadaye nikapata kitambulisho kingine chenye nambari ileile. Mwezi uliopita Sacco yetu ilininyima mkopo wa karo kwa sababu ripoti ya CRB, ofisi zinazotunza rekodi za wakopaji, inaonyesha nina mikopo mitatu ya simu ambayo haijalipwa, jumla Sh11,400. Sijawahi kukopa kwa simu. Shemeji anasema nilipe tu yaishe. Kuna pia kijana wa River Road anayetaka Sh6,000 anitoe CRB kwa siku mbili. Nifanye nini? – Mama wa watoto watatu, Kayole

JIBU: Mama, usilipe. Hata ile mia mbili ya kuonyesha nia njema, usilipe.

Shemeji hana ubaya, lakini ushauri wake ndio unaojaza watu ofisini kwangu. Wengi wanaamini kulipa deni ni kulifuta. Siyo. Ukilipa, kinachobadilika kwenye rekodi ni hali ya deni tu: lilikuwa halijalipwa, sasa limelipwa. Habari kwamba ulikopa ukashindwa kulipa kwa wakati hubaki kwenye rekodi yako miaka 5, na hiyo miaka 5 huhesabiwa tangu siku uliyolipa. Kwa hiyo umetoa Sh11,400 zako, na afisa wa mikopo wa Sacco bado anakuona kama mtu aliyechukua mikopo mitatu akaikwepa hadi alipobanwa.

Tena ukishalipa umekubali kwamba deni ni lako. Ukirudi baadaye useme uliibiwa jina, swali la kwanza utakaloulizwa ni kwa nini ulilipa. Kuomba upunguziwe kuna hatari hiyohiyo, kwa maana hakuna anayeomba kupunguziwa deni asilolijua. Na cheti cha CRB ambacho watu hukimbilia kinasema tu kwamba leo hudaiwi. Hakisemi hukuwahi kudaiwa.

Sasa, nani anaweza kufuta? Kenya ina ofisi tatu za CRB zilizopewa leseni na Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hizi hutunza kile walicholetewa na mkopeshaji. Ukiwasilisha pingamizi, wataweka alama kwenye rekodi kuonyesha kwamba taarifa hiyo inabishaniwa, kisha watamuuliza mkopeshaji. Kugombana na binti wa mapokezi hakusaidii, kwa sababu vita vyako viko kwa aliyepeleka jina lako huko. Pingamizi lipeleke, na ni bure, lakini siku hiyohiyo mwandikie mkopeshaji.

Kabla ya kuandika, chukua ripoti kutoka ofisi zote tatu. Kila moja lazima ikupe ripoti moja bila malipo kwa mwaka. Usiishie kwenye ile alama ya tarakimu tatu iliyo juu. Shuka hadi kwenye akaunti zenyewe uangalie tarehe ambayo kila mkopo ulifunguliwa. Halafu toa abstrakti uliyotumia kupata kitambulisho kipya uziweke sambamba. Kama mikopo ilifunguliwa baada ya tarehe ya abstrakti, karatasi hiyo uliyoisahau kabatini ina uzito kuliko machozi yote utakayomwaga.

Katika barua kwa mkopeshaji, usihadithie sana. Uliza pesa ziliingia wapi. Mkopo wa simu hutumwa kwenye laini fulani, tarehe fulani, saa fulani, na mkopeshaji anayo kumbukumbu hiyo. Dai nambari ya laini, taarifa zilizojazwa wakati wa kuomba, na picha ya uso kama ilipigwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako na kutaka zilizo za uongo zirekebishwe au zifutwe. Jioni hiyo piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, kampuni ya simu ikufungie na ikupe maandishi ya lini ilisajiliwa.

Polisi utarudi tena, kwa sababu ripoti ya kupoteza kitambulisho si ripoti ya wizi wa utambulisho. Afisa wa zamu akikuambia hayo ni mambo yako na wakopeshaji wako, mtajie Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018. Kujifanya mtu mwingine kwa kutumia utambulisho wake ni kosa lenye faini ya hadi Sh200,000, kifungo cha hadi miaka 3, au yote mawili. Nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) utakayopewa iandike kwenye kila barua. Mkopeshaji akinyamaza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 90.

(Wewe ulipoteza kitambulisho, kwa hiyo hili huenda halikuhusu. Lakini wengi wakipata nambari ya laini hukuta ni ya kaka, mume, au mpwa aliyekaa kwao likizo. Hapo OB huwa nzito kuandikisha. Ninachoweza kusema ni kwamba mkopeshaji hatafuta deni kwa sababu mmesameheana nyumbani.)

Rekodi ikifutwa, dai barua ya mkopeshaji inayosema hivyo, na baada ya miezi michache chukua ripoti tena. Wakopeshaji hupeleka taarifa CRB kila mara, na kosa lililofutwa mkono mmoja hurudishwa na kompyuta isiyoambiwa.

Nimemwacha kijana wa River Road mwisho kwa sababu akinijia mdomoni mapema sitaandika lingine. Hana mlango wa nyuma CRB. Atakachofanya ni kupeleka lile pingamizi la bure, au kulilipa deni kwa pesa zako, au kukuchapishia cheti bandia. Na kabla ya hayo atataka kopi ya kitambulisho, picha yako, na simu yako mkononi kwa dakika kumi, yaani vitu vyote anavyohitaji mtu kukopa kwa jina lako. Wako wengi siku hizi, hata mitandaoni, wenye nembo nzuri na shuhuda za kupanga. Anayekuomba PIN ili akusafishie jina, mkatie simu.

Kopi za vitambulisho nazo tunazigawa kama vipeperushi: kwa ajenti wa nyumba, kwenye cyber, kwa anayeahidi kazi Qatar. Ukilazimika kuacha kopi, piga mistari miwili katikati ya karatasi uandike humo kazi yake na tarehe, kalamu ipite juu ya picha. Mwenye cyber atakuangalia kwa jicho la pembeni. Mwache aangalie.