Krismasi ya Mtaa Huanza kwa Kuazima Kibao

Kila Desemba ikikaribia, watu niliokua nao Kaloleni, mtaa wa Nairobi, hunipigia simu na malalamiko yao ni yale yale: Krismasi imepoa. Nawaelewa. Tangu nihamie ghorofa ya nne huko Umoja, nilipitisha Krismasi 6 mlango wangu ukiwa umefungwa, chapati zipo mezani na wa kula ni sisi watatu tu.

Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, nyumba za chini zinazotazamana, na ukumbi wa mtaa umekaa katikati. Ukitoka nje asubuhi lazima umsalimie mtu. Tarehe 24 hapakuwa na mwanamke aliyepika ndani. Mama alikanda unga kwenye beseni kwa maji ya moto, chumvi na mafuta kidogo, akaufunika kwa kitambaa kibichi. Jirani wa mlango wa pili alisukuma. Dada yangu alipaka mafuta, akaviringisha kama kamba, akakunja kama konokono. Mimi nilipepea jiko.

Kibao cha kusukumia chapati kilikuwa kimoja kwa milango minne. Mwenyewe alikuwa mama ambaye sote tulimwita kwa jina la kifungua mimba wake, na kibao chake kilikuwa na ufa katikati. Basi kila chapati iliyotoka safu yetu ilikuwa na mstari hafifu mgongoni. Nikiona chapati yenye mstari hata leo, mate hunijaa na macho pia.

Nyama ilinunuliwa soko la Burma, nguo soko la Gikomba, au fundi akapewa kitambaa kimoja akawashonea watoto wote wa nyumba moja. Kuku tuliwapeleka kwa jirani Mwislamu awachinje, ili mchuzi usiwe na wa kuukataa. Idd ilipofika, sahani zilikuja upande wetu. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, hivyo zilizunguka mwaka mzima. Nyingine sijui zilikuwa za nani mwanzoni. Waliokwenda ushago, wakipanda basi kituo cha Machakos Country Bus, walituachia funguo na kuku wa kulisha.

Sasa nieleze nilivyokosea, maana wengi mtakosea hapo hapo. Mwaka mmoja nilijisemea nitairudisha Krismasi hiyo kwenye ploti yetu, yaani jengo tunalopanga. Nikafungua kundi la WhatsApp, nikaomba kila nyumba itume shilingi 500 kwa M-Pesa, tununue mbuzi. Kati ya nyumba 32, 7 zilituma. Nilirudisha pesa, na kwa wiki nzima tulikuwa tukipishana kwenye ngazi kwa aibu. Kumbe nilikuwa nimewaomba watu wasiojuana waaminiane pesa. Kaloleni mchango haukuwahi kuja kwanza. Tulianza kwa kukosa: huyu hana kibao, yule hana makaa, mwingine hana wa kumshikia mtoto.

Mwaka uliofuata nilifanya jambo dogo. Kibao ninacho, lakini nilikiacha kabatini, nikabisha mlango wa mkabala na kumwambia yule mama, "Dada, samahani, naomba uniazime kibao cha chapati." Tulikuwa tumeishi hatua 5 kati yetu kwa miaka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona sebule yake. Alinipa kibao, kisha akauliza kama nitasukuma peke yangu. Jioni hiyo tulikuwa wanne kwenye ukumbi wa ghorofa, na watoto tusiowajua majina wakipiga foleni ya chapati ya kwanza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usianze kwa kutoa, anza kwa kuomba. Ukimpelekea jirani chakula ghafla, atashukuru na kubaki na deni linalomsumbua. Ukiazima kitu kwake, umempa nafasi ya kukufaa, na kesho yeye naye hataona haya kubisha kwako. Omba mapema, wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba, kabla nusu ya ploti haijapanda mabasi.

Pika mahali watu wanapopita. Sisi siku hizi tunapanda juu kwenye kamba za nguo. Lakini jiko la makaa likae kwenye hewa wazi, na mkimaliza msiliingize ndani eti nyumba ipate joto. Gesi yake ya sumu huua watu wakiwa usingizini, hata usiponusa kitu.

Watume watoto na sahani. Mtoto akibisha hafungiwi mlango, na yeye ndiye atakayekumbuka ni nani anaishi namba ngapi. Mtoto wangu sasa anajua nyumba za ghorofa tatu. Mimi nilihitaji miaka kujua moja.

Tena mwulizeni msimamizi wa ploti ni nani hasafiri. Tuliokua mitaani tunasahau kwamba wapo wanaobaki mjini si kwa kupenda: mlinzi wa zamu, muuguzi, mzee ambaye kwao hapana tena mtu wa kumpokea. Kwetu tuligundua mzee wa namna hiyo kwenye ghorofa ya kwanza. Tulimwomba atukatie vitunguu. Alikata sufuria nzima huku akitusimulia alivyofanya kazi reli, na tarehe 26 alipanda mwenyewe hadi kwangu kurudisha sahani, ikiwa na ndizi mbili mbivu.

Kibao cha yule dada bado kiko kwangu. Tarehe 23 nitampelekea, na nitamwomba sufuria.