Kabla hujanunua karavani chakavu

Kila mradi wa barabara au wa uchimbaji unapofungwa huku Kanda ya Ziwa, kuna vitu vinabaki na kupigwa mnada: makontena, jenereta, matangi, na mara nyingine karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari. Nyingine zililetwa na wageni waliokuja kutembea, zikaishia kwenye ua wa mtu na kuotewa na majani. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii ya kuzifufua huniuliza kwanza habari ya bei. Ningependa mwanze na swali jingine: karavani hiyo ikishapona, itafanya kazi gani?

Kama itaegeshwa Nyegezi au Luchelele, hapa Mwanza, iuze chipsi na sato, basi ekseli, springi na breki si hoja kubwa. Ikishafika pale haiondoki tena, na mzigo wako wote uko kwenye bodi na sakafu. Kama itasafiri na watalii kwenda Serengeti kwa lango la Ndabaka, mambo yanageuka: anza kwa kulala chini ya karavani na tochi, ndani utaingia baadaye. Karavani ileile inaweza kumfaa mtu mmoja na kumfilisi mwingine. Nimeona watu wakikataa karavani nzuri kwa sababu magurudumu yamegoma kuzunguka, wakati walichotaka ni kibanda cha biashara.

Kinachoua karavani kuliko kitu kingine ni maji yanayopenya. Nyingi za zamani zimejengwa hivi: nje bati jembamba la alumini, ndani plaiwudi, na katikati fremu ya mbao nyembamba pamoja na povu la kuzuia joto. Alumini haiozi, kwa hiyo kwa nje karavani inaendelea kupendeza huku mbavu zake zikigeuka unga. Maji huingilia kwenye maungio ya kona, kwenye mipira ya madirisha, kwenye tundu la hewa la juu na penye taa. Jua la Mwanza hukausha mipira na silikoni mpaka zinapasuka, kisha masika yanamalizia kazi. Rangi mpya isikushawishi. Karavani iliyopakwa rangi wiki moja kabla ya kuuzwa ndiyo ya kuichunguza zaidi.

Nenda na bisibisi, tochi, nyundo ndogo na kamba ndefu. Ukifungua mlango, simama kwanza uvute pumzi. Harufu ya ukungu inakupa habari kabla macho hayajaona kitu. Inua magodoro ya viti, fungua makabati ya pembeni, bonyeza ukuta kwa dole gumba chini ya kila dirisha. Plaiwudi nzima inakusukuma, iliyooza inabonyea na kubaki hivyo.

Halafu fanya kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Chagua skrubu moja kwenye ukanda wa kona, kwa nje, uifungue taratibu. Mbao ikiwa nzima, skrubu inakaza na kutoka kwa shida, na kwenye meno yake unaona unga mkavu wa mbao. Mbao ikiwa imeoza, skrubu inazunguka palepale bila kushika, au unaichomoa kwa vidole, shina limeliwa na kutu na limebeba tope jeusi. Rudia kona zote nne, juu na chini. Kona moja mbovu inatengenezeka. Kona zote zikiwa mbovu na ukingo wa sakafu nao unabonyea, hapo hakuna ukarabati, unajenga bodi mpya. Inawezekana, na kazi yake ni nzuri, ila lipia chesisi peke yake, yaani fremu ya chuma ya chini, usilipie nyumba ambayo haipo.

Ukipata nafasi, kaikague siku ya mvua au kesho yake. Kiangazi cha Julai kinaficha mengi. Kama mvua hakuna, omba ruhusa umwage ndoo kadhaa za maji juu ya paa, subiri, kisha uingie upapase kona za ndani. Muuzaji akikukatalia maji na akakukatalia kufungua hata skrubu moja, mshukuru uondoke. Angalia pia miguu ya kuegemea: karavani iliyokaa chini miaka mingi hupandwa na mchwa, na njia zao za udongo utaziona kwenye vyuma.

Kuhusu kutu, tuna bahati. Ziwa letu ni maji baridi, hayana chumvi, kwa hiyo chesisi iliyozeekea Mwanza au Geita huwa na hali nzuri kuliko ya pwani. Uliza ilikotoka. Ikiwa imekaa Dar es Salaam au Tanga karibu na bahari, gonga kila sehemu kwa nyundo. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti butu na magamba yanadondoka. Kagua zaidi sehemu springi zinapofungwa na mkono wa mbele unaoshika gari. Kisha vuta kamba kutoka kona hadi kona kwa mshazari, mara mbili. Vipimo viwili vikipishana kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, chesisi iliwahi kupigwa.

Tahadhari moja kwa mafundi wa kuchomelea: karavani nyingi za Ulaya zina chesisi nyembamba iliyopakwa zinki, na watengenezaji wake hukataza kuitoboa na kuichomelea. Moto unadhoofisha chuma hicho, na moshi wa zinki ni hatari kwa aliyeshika holda.

Tairi zisome ubavuni. Tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ni wiki na mwaka: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata, yale meno ya tairi, zinaweza kuwa zimejaa kabisa na bado tairi hiyo ikapasuka njiani. Kwa hiyo karavani uliyonunua Geita usiikokote hadi Mwanza kwa magurudumu yake. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, na lori la kuibeba utalipata. Ukishaifikisha gereji, ndipo ufungue hab, ile sehemu ya katikati ya gurudumu, na kubadili beringi zote.

Nyaya za zamani ng'oa zote. Mipira na mabomba ya gesi, vivyo hivyo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, kwa hiyo matundu ya kuipitisha nje yawe sakafuni. Matengenezo mengi ya zamani huwa yameyaziba. Friji iliyokaa miaka bila kuwashwa usiihesabu kama mali.

Mama mmoja anayeuza chakula alinipeleka Igoma kuona karavani ndefu, safi, yenye mapazia. Skrubu zote za nyuma zilitoka kwa vidole. Nikamwambia, "Mama, hii tuiache." Akasema, "Fundi, lakini ni nzuri hivi!" Nikamshikisha bisibisi mwenyewe, akaisukuma chini ya dirisha, ikazama hadi kwenye mpini. Hatukuhitaji maneno mengine. Nawasihi mfanye hivyo kwa kila mteja: mshikisheni kifaa mkononi, kwa sababu hela ni yake na haki ya kuona ni yake.

Ukikarabati, chunga uzito. Mafundi wetu wanapenda skwea paipu na mninga, na ni vitu imara, lakini karavani ya kusafiri ina kikomo chake kilichoandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji. Panga mzigo ili takriban asilimia 10 ya uzito iangukie kwenye ndoano ya gari. Ukielemea nyuma, karavani inaanza kuyumba barabarani na dereva hawezi kuituliza.

Karatasi nazo zina uzito wake. Tela husajiliwa TRA kama gari, kwa hiyo dai kadi. Iliyoingizwa nchini na mradi wenye msamaha wa kodi hudaiwa kodi ikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, na deni hilo hukaa kwenye karavani unayoikokota wewe.

Kwa wanaotaka kuiegesha ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kuwa na magurudumu hakukuondoi humo ukishaijengea baraza na kuichimbia choo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kwa kiwango cha rekodi na maji yakaingia kwenye majengo ya ufukweni. Kapime hizo mita 60 na mwenye eneo akiwepo, mkubaliane kwa maandishi, kisha ndiyo urudi kwa muuzaji kuzungumza bei.