Fleti mbili za Mji Mkongwe: yenye unga ukutani au yenye rangi mpya?

SWALI: Fundi, salaam. Mwezi Aprili tunakuja Zanzibar kwa siku nane: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama yangu mwenye miaka 71 anayesumbuliwa na magoti. Hoteli hatuitaki, tunataka kupika wenyewe. Nimebakiwa na fleti mbili, zote Mji Mkongwe. Ya kwanza iko Hurumzi, ghorofa ya tatu, ina sehemu ya kukaa juu ya paa na imepakwa rangi mpya nyeupe pe. Ya pili iko Kiponda, ghorofa ya kwanza, bei yake nafuu, ila kwenye picha moja lipu ya ukuta wa sebuleni imebanduka kwa chini na sakafuni kuna unga mweupe. Mume wangu anasema hiyo itatuangukia, anakumbuka yaliyotokea Beit al Ajaib. Tuchukue ipi, na tuulize nini kabla ya kutuma pesa? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Waalaikum salaam, dada. Hofu ya shemeji si ya kuchekwa. Beit al Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Tangu siku hiyo mgeni akiona doa kwenye ukuta wa Mji Mkongwe, anaona kifusi. Lakini unga uliouona Kiponda ni habari nyingine.

Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Jiwe hilo lina vitundu na limebeba chumvi. Unyevu ukiingia ukutani unaichukua ile chumvi, na zamani ulikuwa ukitoka taratibu kupitia lipu ya chokaa, kwa sababu chokaa inapumua. Siku hizi mafundi wengi wanapiga lipu ya saruji juu ya kuta hizo hizo. Saruji inauziba unyevu ndani. Unakauka nyuma ya lipu, chumvi inaganda na kutanuka, lipu inavimba na kumwagika. Huo ndio unga wako. Unachafua sakafu, na chumba kinaweza kunuka ukungu. Kama kuna mwenye pumu kati yenu, hilo mlifikirie. Ukuta wenyewe una unene wa nusu mita au zaidi, hauanguki kwa kubanduka lipu.

Maji ya kuogopa ni yanayotoka juu. Dari za nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko. Ukijiuliza kwa nini vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu, jibu ni boriti: haivuki mbali, ndiyo maana upana wa chumba mara nyingi hauzidi kama mita 3. Juu ya boriti yamepangwa mawe, juu ya mawe kuna zege ya chokaa, mzigo wa haja. Ncha za boriti zimezikwa ndani ya ukuta, na huko ndiko kunakooza kwanza. Paa likivuja, au tangi, au bafu, ukuta unayanyonya maji na kuyashusha hadi kwenye ncha ile usiyoiona. Mchwa wanamalizia.

Kwa hiyo mimi nina maswali mengi kwa mtu wa Hurumzi kuliko kwa wa Kiponda. Rangi ile imepakwa lini, na kabla yake kulikuwa na nini? Niliwahi kuitwa kukagua fleti ya wageni iliyopakwa rangi wiki mbili tu nyuma. Chumba cha kulala kinang'aa, shuka zimekunjwa bata. Nikachukua bisibisi nikaigusa boriti pale inapoingia ukutani: ikazama mpaka kwenye mpini. Juu ya chumba kile palikuwa na bafu jipya, na juu ya bafu, tangi la lita 2,000. Hizo ni tani mbili za maji, dada, kwenye nyumba ambayo aliyeijenga hakuwahi kufikiria kila chumba kiwe na bafu lake.

Sisemi fleti yako iko hivyo. Nasema picha haiwezi kukuonyesha. Mwambie mwenyeji akupigie simu ya video, mchana, na atembee nayo. Kwanza apande juu akuonyeshe tangi limekaa juu ya nini, na maji ya mvua yanatokea wapi. Aprili ni masika, kwa hiyo swali la mvua si la nadharia. Halafu ashuke chumbani na kuielekeza simu kwenye dari, hasa pembeni, boriti zinapokutana na ukuta. Kama dari imefunikwa kwa mbao au jipsamu, muulize kwa nini. Wengine wanaifunika kwa urembo, wengine kwa aibu. Mwisho afungue bomba la bafuni mbele yako. Maji ya bomba hayatoki mtaani saa zote, na fleti ya juu isiyo na pampu nzuri itawageuza wachota maji likizo nzima.

Kiponda naye afanye hivyo hivyo. Ghorofa ya kwanza haimaanishi hakuna bafu la jirani juu ya vichwa vyenu.

Kuhusu magoti ya mama: ngazi zetu ni kali, na kimo cha hatua moja si lazima kilingane na cha inayofuata. Usikubali kuambiwa "ghorofa ya tatu si mbali." Mwenyeji azihesabu hatua moja moja, na akuonyeshe kama kuna kitu cha kushika. Kwangu mimi jambo hili peke yake linaiondoa Hurumzi, hata kama dari yake ni ya chuma. Ile sehemu ya paani nayo, na watoto wawili, uulize ukingo wake unafika wapi kwenye kifua cha mtoto. Isitoshe, chumba kilicho chini ya mabati mwezi wa Aprili ni tanuri.

Umeme huku ni wa kulipia kabla, mita tunaiita Tukuza. Mkubaliane mapema nani ananunua, maana kiyoyozi kinakula. Kama kuna jenereta, uliza limewekwa wapi. Uchochoro ni mwembamba na moshi hauna pa kwenda ila dirishani kwenu.

Sasa pesa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, na nyingine nyingi ni za wakfu. Anayekutangazia anaweza kuwa mwenye nyumba, mpangaji anayepangisha tena, au dalali ambaye hata ufunguo hana. Muulize waziwazi ni yupi kati ya hao. Nyumba ya kulaza wageni inatakiwa iwe na leseni ya Kamisheni ya Utalii, basi atume picha yake na usome kama jina na mtaa vinaoana na tangazo. Tuma sehemu ya kushikia nafasi, iliyobaki mlipe mkishapewa ufunguo. Akikataa mpango huo, zipo fleti nyingine.

Mimi ningechukua Kiponda, kama video yake itakuwa safi. Kutoka bandarini Malindi ni karibu. Gari halitafika mlangoni, chukueni hamali mwenye rikwama na mpatane bei kabla hajapakia.

Mkifika, mama akae kwanza barazani apumzike, wewe na shemeji mpande bila mizigo. Fungueni na kufunga kila mlango, tazameni juu ya vizingiti. Ufa mwembamba kama uzi kwenye lipu, ingizeni masanduku. Ufa unaomeza sarafu ya shilingi 200, uliokatiza juu ya mlango ambao haufungi tena, msipandishe hata begi. Mpigieni mwenyeji mkiwa nje.