Gogogo hawamalizi mwani: jibu kwa mfugaji wa Nyakato

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina tangi la kioo la lita 120 sebuleni kwangu, Nyakato, Mwanza, karibu na dirisha. Ndani kuna gogogo wanne wadogo niliopewa na mvuvi. Niliambiwa samaki wa chini husafisha tangi wenyewe, lakini huu mwezi wa tatu vioo vimejaa ukijani, mawe yanateleza, na sasa hata maji yanageuka kijani. Taa naiacha inawaka usiku kucha kwa sababu mchana wanajificha, siwaoni. Nawapa unga wa dagaa asubuhi na jioni. Jirani mmoja ananishauri nitie mrututu kidogo, mwingine anasema nikachukue konokono ziwani waumalize huo mwani. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Usimsikilize hata mmoja, na kama mrututu umeshanunua, ufungie mbali. Mrututu ni chumvi ya shaba. Mwani unaua kweli, lakini gogogo ni wa jamii ya kambale, hana magamba, na shaba inaweza kumdhuru naye. Tena maji yetu ya bomba yanatoka Ziwa Victoria na ni maji laini, yaani yenye madini machache. Kwenye maji ya namna hiyo shaba huwa kali zaidi. Kwa tangi dogo kama lako na kijiko cha jikoni, huwezi kupima kiasi salama. Hata ungeweza, mwani ukifa wote kwa mkupuo unazama, unaozea hukohuko chini wanakolala samaki wako, na hewa ya majini inakwisha.

Hilo la samaki wa chini kusafisha tangi ni maneno ya wauzaji. Gogogo anakula wadudu, konokono wadogo na mabaki anayookota chini. Kukwangua kioo si kazi yake. Humu kwenye Ghuba ya Mwanza wakwanguaji wapo, ni baadhi ya furu wa kwenye miamba, wale wanaoitwa mbipi, ambao meno yao yamejipanga kwa kazi hiyo. Usiwakimbilie. Madume hugombania eneo, na lita 120 hazitoshi kugawana. Pleko wa madukani, samaki anayenyonya vioo, naye anauzwa akiwa mdogo na hufika sentimita 40, na mavi yake ni mbolea tupu. Anayekula mwani anaurudisha majini kwa njia nyingine.

Mwani unahitaji mwanga na mbolea, na wewe unaupa vyote viwili bila kuupumzisha. Nianze na chakula, maana nadhani shida yako kubwa iko hapo.

Gogogo ni samaki wa usiku. Unga unaomwaga asubuhi anauona akiwa amejibana chini ya jiwe, hatoki. Unga unateremka, unaingia katikati ya mawe, unakaa. Usiku, muda wake wa kutoka kula, taa inawaka, anabaki amejificha. Unga huo unaoza na kuwa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa nitraiti, kisha nitreti, ambayo ni mbolea, na mwani unaipokea. Dagaa wamesagwa na mifupa yao, kwa hiyo wana fosforasi nyingi. Fosforasi hiyohiyo, ikitoka mashambani na kwenye majitaka, ni miongoni mwa vitu vinavyolipa ziwa rangi ya kijani unayoiona ukisimama Kirumba.

Kwa hiyo badilisha ratiba. Washa taa saa 8 mchana, zima saa 2 usiku. Subiri kama nusu saa giza likolee, ndipo uwape. Acha unga, loweka dagaa wazima walainike, uwakate vipande, utie wachache tu. Asubuhi angalia chini: ukikuta kipande kimebaki, umetoa vingi, kitoe na usiku unaofuata punguza. Mara moja kwa siku inatosha, na siku moja katika wiki wasipewe kitu. Ukitaka kuwatazama, funika tochi kwa nailoni nyekundu. Mwanga mwekundu hafifu hauwasumbui sana. Uwawekee na vipande vya bomba la plastiki au chungu kilichopasuka. Gogogo mwenye pango lake hutoka kwa kujiamini kuliko asiye na pa kukimbilia.

Dirisha lizibe. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu una urefu wa saa kama 12 mwaka mzima, kwa hiyo usitegemee msimu wa jua kupungua. Bandika boksi gumu nyuma ya tangi, vuta pazia, au lihamishe tangi likiwa tupu.

Sasa chini. Hujaniambia umetandika nini, lakini kama ni kokoto, zitoe. Zinameza chakula na ncha zake zinakwaruza sharubu, na sharubu ndizo gogogo anatafutia chakula. Tandika mchanga laini wenye kina cha sentimita 2 au 3, uliooshwa mpaka maji ya kuoshea yatoke meupe. Wakati wa kuhamisha samaki usitumie wavu: gogogo akishtuka anasimamisha miiba ya mapezi na kuifunga, ananasa, na kumnasua ni kumchana. Msukumize taratibu ndani ya kopo la plastiki, umtoe pamoja na maji yake.

Kila wiki kwangua vioo kwanza, kadi ya zamani ya benki inatosha, kisha nyonya uchafu wa chini kwa mpira. Kata shingo ya chupa ya soda ya plastiki uiunge kwenye ncha moja, jaza mpira maji chini ya bomba, ziba ncha kwa vidole, uachie kwenye ndoo iliyo chini zaidi. Usinyonye kwa mdomo. Inua jiwe mojamoja. Utaona wingu la kahawia linapanda, hilo ndilo la kuvuta. Toa lita 30, ndoo moja na nusu. Maji mapya yakae ndooni wazi siku nzima, bora yakiwa na pampu ya hewa ndani, klorini itoke. Sponji ya filta ioshe kwenye maji uliyotoa tangini. Maji ya bomba yataua bakteria wanaokufanyia kazi. Yanayobaki mwagilia mchicha, utafurahi.

Maji yenyewe kuwa kijani yana tiba yake: giza. Badilisha maji, funika tangi lote kwa blanketi siku 3, bila taa wala chakula, pampu ya hewa ikifanya kazi muda wote, kisha badilisha tena. Pampu nasisitiza. Mwanza iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na maji ya vuguvugu kwenye mwinuko huu yanashika oksijeni pungufu kuliko ya Dar es Salaam. Gizani mwani nao unavuta hewa hiyohiyo. Chungulia alfajiri: ukikuta gogogo juu wanahema, badilisha maji hapohapo na uongeze hewa. Kwa umeme wetu, pampu ndogo ya betri si anasa.

Ukikuta utando wa bluu-kijani wenye harufu, unaobanduka vipande vipande, hao ni bakteria, na usitarajie samaki yeyote wa kuwala. Uvute kwa mpira, punguza chakula, ongeza mzunguko wa maji.

Na konokono: waache ziwani. Baadhi ya konokono wa mwambao wetu, hasa wale bapa waliojikunja kama kamba, hubeba kichocho cha tumbo, na vimelea vinavyotoka kwao huingia kwa ngozi ukitumbukiza mkono kusafisha. Maji ya ziwani yenyewe yana hatari hiyohiyo, usiyachote kujazia. Kama konokono umeshawatia, vaa glavu ndefu za mpira, watoe wote, wasagie mbali na maji, na usitie mkono mtupu kwa siku mbili kamili baada ya kumtoa wa mwisho. Kagua na chini ya mawe, mayai yao ni utelezi mdogo ung'aao, ukwangue.