Filamu ya PVDF na mapigo ya moyo: volti za osiloskopu zisikudanganye

Wewe unayeanza kutengeneza vifaa vya piezo (vinavyotoa umeme vikipindwa au kubanwa) vya kupandikizwa kwenye moyo au mshipa, kabla ya kulaumu filamu ya PVDF, yaani utando mwembamba wa plastiki unaotoa umeme huo, kagua unavyoipima. Moyo uliotulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, yaani hezi 1 na ushee. Katika hezi 1, kipande cha filamu cha nanofaradi 1 kina ukinzani wa karibu megaomu 160. Kiunganishe na proubu (ncha ya kupimia ya osiloskopu) ya megaomu 10, na utaona asilimia 6 tu ya volti zake.

Badala yake tumia kikuza chaji, saketi inayogeuza chaji ya filamu kuwa volti. Kapasita ya nanofaradi 1 ikiwa sambamba na rezista ya gigaomu 1 hushusha mpaka wa chini wa masafa yanayopimika hadi hezi 0.16. Ila opampu (chipu ya kukuza ishara ndani ya kikuza hicho) iwe na mkondo wa kuingia wa pikoampea chache, maana nanoampea 1 ikipita kwenye gigaomu 1 ni volti 1 ya uongo. Safisha pia mabaki ya lehemu kwenye bodi; uchafu huo huvujisha chaji.

Filamu yenyewe usiiguse na chuma cha lehemu. PVDF huanza kupoteza upolaji (mpangilio wa chaji unaoifanya itoe umeme) kwenye nyuzijoto 80 hivi, kwa hiyo waya hushikizwa kwa gundi ya fedha inayokauka bila joto kali. Otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) ya nyuzijoto 121 nayo haifai. Tumia gesi ya ethilini oksaidi. PZT, kauri ya piezo, huvumilia joto zaidi na hutoa chaji nyingi, lakini ina madini ya risasi na huvunjika upesi.

Kosa linalowapata wengi: kufunika filamu kwa silikoni ya unene uleule juu na chini. Hapo filamu imekaa katikati kabisa. Ikipindwa, upande mmoja unavutwa na mwingine unabanwa, chaji zinafutana. Ongeza tabaka gumu upande mmoja.

Wimbi zuri likitokea, lishuku. PVDF huitikia hata joto la kidole, na kebo ikisuguana hutoa umeme wake. Tengeneza kifaa pacha chenye filamu isiyopolwa, kitikise vilevile; kinachobaki kwenye skrini ni kelele.

Kuhusu nishati, taja mikrowati kwenye mzigo unaojulikana. Kapasita ya mikrofaradi 10 iliyojazwa hadi volti 3 ina mikrojuli 45, na pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo) inayokula mikrowati 10 huzimaliza kwa sekunde 4.5.

Mwisho loweka kifaa kwenye maji ya chumvi ya nyuzijoto 37. Ukinzani kati ya elektrodi ukianguka kutoka gigaomu hadi megaomu, maji yameingia, mara nyingi pale waya unapotokea.