Hadi Itakapoamriwa Vinginevyo: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako kutoka Amsterdam nimeipata, na nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unasema uliona picha ya kitambulisho cha mfanyakazi wa Baraza la Wayahudi la wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani wa Hitler walipoikalia Uholanzi, chenye herufi J ya kumtambulisha Myahudi na muhuri wa Kijerumani, ukaniuliza kama mtu aliyekubali kugongewa muhuri ule, hali jirani yake anachukuliwa, hakuwa msaliti.

Anza na maneno ya muhuri wenyewe. Muhuri huo ulisema kwamba mwenye kitambulisho ameondolewa katika wajibu wa kwenda kazini Ujerumani "bis auf weiteres", yaani hadi itakapoamriwa vinginevyo. Hiyo "kazi" lilikuwa jina la uongo la safari ya Westerbork, kambi ya kukusanyia watu huko Uholanzi, na kutoka huko hadi Auschwitz au Sobibor, kambi za mauaji nchini Poland. Treni zilianza Julai 1942, na Baraza, lililoundwa Februari 1941 kwa amri ya Wajerumani chini ya Abraham Asscher na David Cohen, likapewa nafasi takriban 17,500 za muhuri huo kwa watumishi wake na jamaa zao. Wayahudi walioandikishwa Uholanzi walikuwa kama 140,000. Fikiria basi, mwanangu, jinsi watu walivyosongamana kwenye ofisi za Baraza wakiomba kazi yoyote, hata ya tarishi, kwa sababu muhuri ulimfunika mume, mke na watoto.

Nguvu ya ile karatasi ilikuwa hapo hapo. Aliyekuwa nayo alikuwa na kitu cha kupoteza, kwa hiyo alinyamaza na kuendelea kufanya kazi; na Wajerumani walioikalia nchi walipata watu wa kupanga orodha na kugawa mizigo bila kuongeza askari wao. Tarehe 21 Mei 1943 Wajerumani walilitaka Baraza lichague watu 7,000 miongoni mwa watumishi wake wenyewe. Viongozi walikaa na kadi za wenzao, wakachagua. Wengi wa walioitwa hawakufika, na tarehe 26 Mei askari wakauzingira mtaa wa Wayahudi na kuwakamata maelfu. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo wakachukuliwa waliobaki, Asscher na Cohen wakiwamo. Muhuri ulikuwa umeamriwa vinginevyo.

Kwa hiyo hukumu yangu haiko sawa kwa wote. Kwa viongozi waliokubali kuchagua, moyo wangu ni mzito, ingawa najua walidhani kwamba kwa kutoa wachache wataokoa wengi. Mpishi, muuguzi au karani aliyeshika kadi ili mtoto wake alale nyumbani usiku mmoja zaidi, huyo siwezi kumwita msaliti, wala sitaki wewe umwite hivyo.

Na wapo walioigeuza kadi hiyo iwatumikie wengine. Walter Süskind, mtumishi wa Baraza, alisimamia jumba la maonyesho la Hollandsche Schouwburg, ambako waliokamatwa walikusanywa kabla ya kusafirishwa. Watoto wao wadogo waliwekwa ng'ambo ya barabara, katika nyumba ya kulelea watoto iliyoongozwa na Henriëtte Pimentel. Kwa kuwa kazi yake ilimruhusu kuzishika orodha, Süskind alisaidia kuyafuta majina ya watoto, nao walitolewa kwa siri, wengine wakati tramu iliposimama na kuwakinga walinzi wasione mlango. Watoto wapatao 600 waliokolewa. Pimentel aliuawa Auschwitz mwaka 1943, na Süskind alikufa mwaka 1945 baada ya kupelekwa kambini na familia yake.

Barabara hiyo inaitwa Plantage Middenlaan, na tramu bado inapita. Siku ukipata nafasi, simama upande wa nyumba ya watoto, utazame jumba lililo ng'ambo na upime umbali wa kuvuka, kisha uniandikie ni hatua ngapi.

Ni mimi baba yako akupendaye.