Fundi Anajibu: Feni Inazunguka, Skrini Giza

SWALI: Fundi, shikamoo. Kompyuta yetu ya mezani ilikuwa nzima mpaka Jumamosi, tulipoihamishia chumba cha watoto. Kabla ya kuihamisha nilifungua ubavu nikaifuta vumbi. Sasa nikibonyeza kitufe taa inawaka, feni zinavuma, lakini skrini ni nyeusi tii. Hata ile nembo ya mwanzo haiji. Haitoi mlio wowote. Jirani anayejua mambo haya aliitazama dakika tano akasema ubao mama umekufa, ninunue mashine nyingine. Ndani mna picha za marehemu mama yangu na kazi zangu za miaka sita. Nimwamini?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na picha, maana naona ndizo zinazokunyima usingizi. Picha hazikai kwenye ubao mama, ile bodi kuu ya ndani inayounganisha vifaa vyote; zinakaa kwenye diski. Hata ubao ukifa leo, diski huchomolewa ikasomwa kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya kugeuza SATA (tundu la diski) kuwa USB. Kikwazo ni kama diski ilifungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows. Hapo utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo anza kuutafuta ulikouhifadhi. Ila asikushawishi mtu akuwekee Windows upya "ili tujaribu". Tatizo lako liko kabla Windows haijaguswa, na ukiiweka upya picha ndizo zinazoweza kufutika.

Sasa huyo jirani. Dakika tano! Mimi dakika tano hunitosha kutafuta miwani tu. Kompyuta iliyokuwa nzima asubuhi, ikafunguliwa, ikafutwa, ikabebwa, kisha ikagoma jioni, mimi siihukumu kifo. Naanza kudhani kuna kitu kimelegea.

Anzia nje. Geuza mashine uone kebo ya skrini imechomekwa wapi. Kama kompyuta ina kadi ya picha, yaani kibao kinachopeleka picha kwenye skrini, nyuma utaona matundu ya skrini sehemu mbili: juu, pamoja na ya USB, na chini yake, yaliyolala kwa mstari kwenye kadi. Kebo inatakiwa iende kwenye kadi. Ukiichomeka juu, mara nyingi hupati kitu. Usinicheke, lakini mwaka fulani nilimaliza jioni nzima nikichomoa na kuchomeka RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwenye mashine ya shemeji yangu, jasho linanitoka, hadi mtoto wake akaniuliza kwa nini kebo "imehama". Nilikuwa nimeichomeka tundu la juu mimi mwenyewe.

Kebo ikiwa mahali pake, ingia ndani. Chomoa waya wa umeme ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwasha uking'ang'anie kama sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa kingine chochote, kwa sababu umemetuli wa mwilini unaweza kuunguza RAM bila wewe kuhisi lolote.

RAM ndiyo ninayoishuku zaidi. Ni vile vibao vyembamba virefu vilivyosimama karibu na feni kubwa ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Fungua vibanio vya ncha (bodi nyingine zina kibanio upande mmoja tu), kivute kibao moja kwa moja juu. Utaona meno ya rangi ya dhahabu. Yasugue taratibu kwa raba ya penseli, pande zote mbili, kisha pangusa makombo yote. Makombo yakiingia kwenye tundu umejiongezea kazi. Unapokirudisha, pengo la chini halijakaa katikati, kwa hiyo kinaingia upande mmoja tu. Sukuma kwa vidole gumba viwili mpaka usikie "tak". Watu wengi huishia kabla ya hiyo tak kwa kuogopa kuvunja. Kibao kinaonekana kimekaa, kumbe ncha moja imeinuka unene wa ukucha, na unene huo unatosha kuifanya skrini iwe giza.

Kama vibao ni viwili, jaribu kimoja kimoja, na kila kimoja kwenye tundu tofauti. Uwe na subira: bodi mpya zinazotumia DDR5, aina mpya ya RAM, ukiigusa RAM hiyo, mara ya kwanza zinaweza kukaa giza dakika kadhaa zikiipima. Usikate umeme katikati.

Bado giza? Kadi ya picha nayo ichomoe uirudishe, kwani ni nzito na ikibebwa hulegea. Halafu tafuta waya wa pini 4 au 8 unaoingia kwenye ubao karibu na prosesa. Ule ndio unaolisha prosesa. Ukichomoka, feni zitazunguka kama kawaida na hakuna kitakachoonekana, maana feni zinakula volti 12 zao kutoka kwingine. Kwa hiyo usipumbazwe na feni. Hazithibitishi chochote zaidi ya kwamba umeme kiasi umeingia.

Kuhusu ukimya: ubao ungependa kulia, lakini bodi nyingi siku hizi huja bila spika. Spika ndogo yenye waya huchomekwa kwenye pini zake ubaoni. Ukiipata, fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote: toa RAM zote, washa. Ikilia, furahi, kwa kuwa prosesa na ubao viko hai na vinalalamika kwamba havina kumbukumbu. Ikinyamaza kabisa hata hapo, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwa dakika 10, umeme ukiwa umechomolewa, uirudishe ujaribu tena. Hii hurudisha mipangilio ya kiwandani. Saa itapotea, utairekebisha.

Ukifika hapo bila mafanikio, azima pawa saplai isiyo na kasoro (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) ujaribu, na jicho lako lipitie kapasita za ubao, vile vimitungi vidogo. Kichwa kikiwa kimevimba au kimevuja ukoko wa kahawia, jirani alibahatisha kweli. Pawa saplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake hushika chaji hata waya ukiwa umechomolewa.

SWALI: Yangu inawaka vizuri, kisha inaandika maneno meupe kwamba haijaona kifaa cha kuwashia. Nifanyeje?
Msomaji wa kidato cha tatu

JIBU: Kuna flashi umeiacha kwenye USB? Ichomoe, washa upya. Nusu ya wanaoniletea ugonjwa huu huwa wameisahau nyuma ya mashine. Kama haipo, bonyeza F2 au Delete mara tu mashine inapowaka, uingie kwenye mipangilio, utazame kama jina la diski limeandikwa humo. Limeandikwa, basi mpangilio wa kuwashia umevurugika au Windows imeharibika. Halimo, zima, kaza kebo ya diski ncha zote mbili. Na ukisikia diski inagonga, ka, ka, ka, zima hapo hapo. Usiwashe tena "kuhakikisha"; kila ukiiwasha, kichwa cha kusomea kinaweza kuukwaruza uso wenye kazi zako.